Jinsi ya kutafuta mabomba na kebo zilizozikwa mkiwa kundi, mpaka ramani iaminike

Nianze na hili maana ndo linaloangusha wengi: hakuna kifaa kimoja kinachoona kila kitu kilicho chini ya barabara. Hakuna kabisa. Anayekwambia rada yake ya kupenya ardhi inaona kila bomba basi hajawahi kuiburuza juu ya mfinyanzi uliolowa, na anayekwambia lokata (kifaa cha mkononi kinachonasa mawimbi ya sumaku ya kebo na mabomba ya chuma) inatosha hajakutana na bomba la plastiki lililozikwa bila waya wowote. Ndo maana kazi hii inataka watu wengi, yani wenye mabomba na kebo, wapimaji, watu wa vyuo wanaoijua fizikia ya udongo, na mafundi wa kuchimba ambao kusema ukweli wameona vya chini kwa macho yao kuliko sisi wote.

Uingereza walilifanyia kazi wazo hili kuanzia 2005 kwenye mradi wa utafiti unaoitwa Mapping the Underworld, University of Birmingham wakiongoza pamoja na vyuo vingine kama Bath, Leeds na Southampton. Wakaja na wazo la kuchanganya njia nne kwenye kifaa kimoja: rada, mitetemo, sumaku-umeme ya masafa ya chini, na kusikiliza uga wa sumaku unaotoka kwenye kebo zenye umeme. Nyie hamhitaji kifaa kama hicho ili muanze, mnachohitaji ni ile akili yake ya kuchanganya.

Kama kuna bosi anauliza hela zote hizi za nini, mpe hii: University ya Purdue walipitia miradi 71 ya barabara Marekani wakakuta kila dola 1 iliyotumika kutafuta miundombinu ya chini kwa utaratibu iliokoa kama dola 4.62. Hapo huwa wanaanza kusikiliza.

Kabla hata ya kutoa kifaa kwenye gari, kaeni mkubaliane mambo ya data

Watu wanalipita hili haraka afu linawarudia baadae. Kampuni ya umeme au ya maji haitakupa michoro yake kienyeji, na wana haki, maana mchoro unaoonyesha kebo kubwa imepita wapi ukiangukia mikono mibaya ni hatari. Kwahiyo andikeni mapema nani anaona nini, data inakaa wapi, nani anaruhusiwa kuitoa nje, na kubwa kuliko yote, mkikuta mchoro wa kampuni umekosea mnamwambia nani na kwa njia gani. Mwenye mchoro akijua kosa litarudi kwake kwanza kama msaada, bila kuaibishwa mbele za watu, anafungua kabati lote. Akihisi mtamchoma anakupa nusu.

Kisha kusanyeni makaratasi yote. Michoro ya zamani, picha za ujenzi, hata madaftari ya mafundi waliostaafu. Ila msiyaamini. Nilishawahi kushika mchoro msafi kabisa unasema bomba la maji liko mita 1.2 kutoka ukingo wa barabara, tukapima, tukachimba kwa mkono taratibu, hamna kitu, udongo mtupu. Tukahangaika karibu siku nzima, mpaka mzee mmoja aliyekuwa anatuangalia akasema mbona barabara hii ilipanuliwa, ukingo wa zamani ulikuwa kule ndani. Mchoro haukudanganya, ule ukingo uliopimiwa ndo haukuwepo tena. Tangu siku hiyo kila kipimo kwenye mchoro nakiuliza swali moja tu, ulipimwa kutoka wapi, na hicho kitu bado kipo?

Tembeeni eneo kwa miguu

Hapa siandiki mengi maana ni rahisi ila watu wanaruka. Tafuteni mifuniko ya chemba, valvu, haidranti (bomba la maji ya zimamoto), nguzo za taa, masanduku ya simu, viraka vya lami ambavyo rangi yake imetofautiana. Kiraka kirefu chembamba cha lami ni mtaro wa zamani, kuna kitu kimelala humo. Pimeni kila kimoja. Mkifungua chemba pimeni hewa kwanza, na mtu asiingie ndani bila mafunzo na bila mwenzake juu, gesi ya kwenye chemba inaua kimyakimya.

Sasa lokata

Lokata ndo kifaa cha kwanza kwenye kebo na mabomba ya chuma. Ina namna mbili za kufanya kazi. Namna ya kwanza inasikiliza tu kilichopo, kama hezi 50 za umeme (au 60, inategemea nchi). Hapa kuna mtego: kebo isiyobeba mzigo saa hiyo inaweza isionekane, na kebo ya fezi tatu iliyobalansi vizuri inajificha vilevile maana uga wa fezi moja unafutwa na mwenzake. Kwahiyo ukimya wa lokata usikupe moyo wa kuchimba.

Namna ya pili unatuma sinyo (mawimbi yako ya umeme) mwenyewe kwa transmita, yani kifaa cha kurushia, ama kwa kuunganisha moja kwa moja, ama kwa klampu ya kuzunguka kebo, ama kwa kuiweka juu ya ardhi sinyo ijiingize yenyewe. Kuunganisha ndo kuzuri kuliko zote ila kwenye kebo ya umeme hiyo ni kazi ya mtu aliyeidhinishwa na mwenye kebo, usijaribu. Masafa ya chini, tuseme kilohezi 8, yanaenda mbali bila kurukia majirani. Kilohezi 33 inaingia kirahisi zaidi ila inapenda kuvuja kwenda kwenye kebo ya pembeni, unajikuta unafuata kitu ambacho sicho. Namna ya kujua umedanganywa: tafuta sehemu sauti inapokuwa kubwa kabisa, weka alama, kisha badili utafute sehemu inapozimika, weka alama. Zikikaa pamoja sawa. Zikiachana, uga umepinda, kuna kitu kingine jirani, na kina unachosomewa hapo usikiandike kama kina. Na ukiwa unatumia ile ya kuweka transmita juu ya ardhi, usisome ukiwa karibu nayo, unaweza kuwa unapima transmita yenyewe kupitia hewani.

Rada, na hapa ndo nakaa muda

Rada inatuma wimbi chini, linagonga kitu, linarudi, kifaa kinahesabu muda. Inaona hata plastiki, ndo uzuri wake. Ukivuka bomba kwa kulikata kwa pembe mraba, kwenye skrini linatokea tao, kama upinde uliofunikwa, na kilele cha tao ndo juu ya bomba. Burura mistari ya kukatisha, mingi, kwa nafasi sawa. Ukiburura sambamba na bomba unaweza kulipita lote usione tao hata moja.

Ila rada haipimi kina, inapima muda. Kina unakihesabu wewe kwa kukisia kasi ya wimbi kwenye udongo ule, na hapa ndo watu wanapotea. Angalia: wimbi limerudi baada ya nanosekunde 20 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde). Kama udongo ni mkavu kiasi na kasi yake ni mita 0.1 kwa nanosekunde, wimbi limeenda na kurudi, kwahiyo gawa kwa mbili, bomba liko mita 1. Udongo uleule ukanyeshewa kasi ikashuka hadi 0.075, nanosekunde 20 zilezile zinakuwa sentimita 75. Sentimita 25 nzima zimepotea na hakuna mtu aliyegusa kifaa! Sasa fikiria fundi ameambiwa mita moja, anashuka na mashine kwa raha zake hadi sentimita 75.

Kwahiyo kasi itafutwe palepale kazini. Njia mojawapo ni kulinganisha umbo la tao kwenye skrini na matao ya programu mpaka yalaliane. Njia bora zaidi ni kupitisha rada juu ya bomba ambalo kina chake mnakijua, mfano mmelipima kwenye chemba. Na andikeni hali ya udongo siku hiyo, mvua ilinyesha lini, kuna mfinyanzi, kuna chumvi. Mfinyanzi uliolowa wenye chumvi unameza wimbi lote, hata mita moja halifikii. Antena ya masafa ya juu inakupa picha kali ila haiendi chini sana, ya masafa ya chini inashuka ila vitu vidogo inavipita, ndo maana wengi wanabeba antena ya kama megahezi 250 na nyingine ya 500 au zaidi.

Kwa bomba la plastiki lililopo kwenye udongo unaomeza rada kuna njia ya mtetemo: unatikisa maji au haidranti, mtetemo unasafiri na bomba, vihisi juu ya ardhi vinausikia. Au unaingiza ndani ya bomba kisambaza-sinyo kidogo kwenye waya halafu lokata inakifuata juu. Zote zinataka pa kuingilia, na zote zinataka ruhusa ya mwenye bomba.

Jaribuni vifaa bila kujua jibu

Hili ndo linafanya kazi yenu iwe utafiti. Chagueni kipande ambacho vitu vyake vilishafunuliwa na kupimwa, mtu mmoja abaki na jibu, wengine wapime bila kuona mchoro. Jamani binadamu akishaona mstari kwenye karatasi basi ataliona tao hata pasipo na tao. Mkimaliza ndo mnalinganisha, na mhesabu vitu vitatu tofauti: vilivyopo mkaviona, vilivyopo mkavikosa, na mlivyosema vipo kumbe havipo. Tuseme chini kuna 20, mmepata 14, afu mmechora 3 vya uongo. Ukiandika tu kwamba tumepata 14 umemficha msomaji 9, yani 6 mlivyokosa na 3 vya uongo. Na vile vilivyopatikana, kosa lake kwa pembeni ni sentimita ngapi, na kwa kina ngapi, maana hizo namba mbili hazifanani hata siku moja.

Kiwanja cha majaribio chenye mabomba yaliyozikwa kwa makusudi ni kizuri kwa kuanzia, ila udongo uliochimbwa juzi unajionyesha wenyewe kwenye rada, unaona mtaro kabla hujaona bomba. Nendeni na kwenye barabara iliyochakaa.

Kuchora

Pimeni kwa GPS ya usahihi wa sentimita, na chini ya miti au kati ya majengo marefu tumieni total stesheni (kifaa cha wapimaji cha kupima pembe na umbali) maana GPS pale inabahatisha. Andikeni mwinuko wa kitu chenyewe, yani kimo chake kutoka alama isiyobadilika, msiandike kina peke yake, kwasababu kesho barabara ikiongezwa tabaka la lami kina kinabadilika ila bomba halijasogea. Na semeni mmepima mgongo wa bomba au katikati yake. Kwenye bomba la milimita 600 hiyo tofauti ni sentimita 30.

Kila mstari kwenye ramani ubebe daraja lake. Marekani wanatumia kiwango cha ASCE 38, Uingereza wana PAS 128 kilichotoka 2014, na kote wazo ni lilelile: D ni kilichotoka kwenye makaratasi tu, C kimeongezewa vinavyoonekana juu ya ardhi kama mifuniko, B kimeonekana kwa vifaa, na A kimefukuliwa kikaonekana kwa macho. Bomba moja linaweza kuwa A mita mbili, B mita thelathini, afu likaisha likiwa D. Kateni mstari hapo hapo daraja linapobadilika, msiburuze A mpaka mwisho kwasababu inapendeza.

Na hapa naomba sana. Pale ambapo hamkuona kitu, msiache peupe. Peupe kwenye ramani mchimbaji anasoma kwamba hamna kitu. Pakeni rangi au mistari, muandike: tumepita na rada tarehe fulani, udongo ulikuwa umelowa, wimbi halikushuka zaidi ya sentimita 60, chini ya hapo hatujui. Au: gari lilikuwa limepaki, hatukupita kabisa. Sehemu hizo za hatujaona ndo zinazoumiza watu, na ni kundi tu linaloweza kuzijaza kidogo kidogo, leo wewe umekosa kwa rada, mwezi ujao mwenzako anapita na mtetemo, kiangazi mwingine anarudia udongo ukiwa mkavu.

Mkifungua shimo

Chimbeni kwa mkono au kwa mashine ya kufyonza udongo. Mkigusa kitu hata kikikwaruzika tu bila kuvuja, simamisheni na mwambieni mwenyewe siku hiyohiyo. Ghislenghien, Ubelgiji, tarehe 30 Julai 2004, bomba la gesi la shinikizo kubwa lilipasuka watu 24 wakafa, na bomba lile lilikuwa limeumizwa kabla na mashine wakati wa ujenzi, likakaa na jeraha lake mpaka lilipopasuka.

Kikishaonekana, futeni udongo kwa brashi, soma maandishi kama yapo, pima kipenyo, aina ya bomba, mwinuko wa mgongo, piga picha mbili, moja ya karibu yenye rula, moja ya mbali inayoonyesha kitu cha juu ya ardhi kisichohama. Rudisheni rada juu ya ukingo wa shimo muone tao lilisema nini, msahihishe kasi kwenye faili lote la siku ile. Afu tumeni kwa kundi zima mkiwa bado mmesimama pale, shimo likiwa wazi, maana atatokea mwenzenu atauliza ile kebo nyembamba pembeni kushoto ni ya nani, na mtakuwa bado mnaweza kushuka kuiangalia.