Turubai isiyochorwa kitu

Kabla sijafungua kopo la rangi kuchora picha dhahania, isiyoonyesha kitu chochote, naandika nyuma ya turubai kazi za mkono: mwaga, subiri, kwangua, mwaga tena. Siandiki "bahari" wala "huzuni". Ukishaweka picha kichwani, kila doa utaliuliza linafanana na nini, na hapo umekwisha.

Tandaza turubai sakafuni. Mchoraji wa Marekani Jackson Pollock alifanya hivyo miaka ya 1940, na faida yake ni ya kikazi tu: ukutani rangi nyepesi huchuruzika kwenda chini, lakini sakafuni unaizunguka na kuinamisha turubai upande unaoutaka.

Uamuzi mkubwa ni kupaka rangi ya msingi, yaani tabaka la kwanza la kuziba kitambaa, au kutopaka. Turubai tupu hunywa. Akriliki, rangi yenye gundi ya plastiki, ikizimuliwa kwa maji huzama kwenye nyuzi na kuacha doa lenye kingo laini. Mchoraji mwingine wa Marekani, Helen Frankenthaler, alianza kumwagia turubai tupu mwaka 1952, ila yeye alitumia rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa tapentaini. Hapo usimwige, mafuta hudhoofisha kitambaa kadiri miaka inavyopita. Kwenye turubai yenye msingi, punguza maji. Yakizidi, gundi ya rangi hukosa nguvu na tabaka halishiki vizuri.

Sasa subiri, tena subiri kwelikweli. Gundi ya akriliki ikiwa mbichi ina weupe wa maziwa. Ikikauka huwa angavu na rangi hukolea. Anayerekebisha rangi mbichi anarekebisha rangi ambayo kesho haitakuwepo.

Tabaka la pili liwe zito. Likiwa bado bichi, buruta ubao bapa wa plastiki kutoka ukingo hadi ukingo, bila kusimama. Ukisita, alama ya kusita itabaki. Mimi huiacha. Wapo wanaoifuta, nami naona ni woga, lakini turubai ni yao. Likishakauka, unaweza kupiga msasa wenye maji (vumbi la rangi si la kuvuta puani) mpaka rangi ya chini ichungulie.

Uso wa mtu utajitokeza tu, macho hupenda nyuso. Geuza turubai juu chini. Uso ukizidi kukutazama, pitisha ubao tena.

Ukijikuta umeinamia kona moja na brashi ndogo, kazi ilikwisha zamani. Kaoshe brashi kabla akriliki haijagandia.