Namna ya Kuchunguza Usimamizi wa Huduma za Kiroho Jeshini

Baraza la waumini hapa Tanga, Waislamu kwa Wakristo, likitaka kujadili kwa haki namna jeshi linavyosimamia masuala ya dini, na lianze na Katiba ya mwaka 1977, ambayo ibara yake ya 19 inalinda uhuru wa kuabudu na kuweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi.

Kisha tafuteni ni nani anayemwidhinisha mhudumu wa kiroho na ni nani anayemwamuru, kwani kwa maoni yangu hapo ndipo penye uzito wote. Nchini Marekani, kwa mfano, kasisi au imamu wa jeshi ni ofisa mwenye cheo anayewajibika kwa kamanda wake, lakini jumuiya yake ya dini ikimwondolea idhini hawezi kuendelea na kazi hiyo.

Ulizeni pia askari aliyenyimwa nafasi ya ibada anakata rufaa wapi. Kuhusu vita, someni ibara ya 24 ya Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa mwaka 1949, inayotaka wahudumu hao waheshimiwe na walindwe katika hali zote.