Jinsi ya kupima eafoni za waya za bei nafuu kabla hujatoa hela, na siku chache baada ya kutoa

Tuelewane kwanza, nazungumzia zile eafoni za waya za kuingiza ndani ya sikio, zenye vimpira, za bei ambayo mtu wa kawaida anaitoa bila kukopa. Soko la hizi vitu limebadilika mno, kampuni za China kama KZ, Moondrop, 7Hz na Tangzu zimeshusha bei ya sauti nzuri kweli kweli, Moondrop Chu na 7Hz Salnotes Zero zote zilitoka 2022 kwenye dola 20 hivi na zinapiga vizuri kuliko vitu vingi ghali. Na hapohapo kwenye meza ya pembeni zimejaa zile za elfu tatu elfu tano zenye nembo za majina makubwa ambayo hayajawahi hata kuzigusa. Kwahiyo tatizo la mwenye hela kidogo sio kwamba nzuri hazipo, ni kuzitambua, na kuzitambua hakutaki mashine, kunataka simu yako, nyimbo unazozijua na sehemu tulivu kidogo.

Maandishi ya kwenye boksi yasikuchukulie mda. Ile 20Hz mpaka 20kHz ndo eneo zima ambalo binadamu anasikia, karibu kila eafoni inaandikwa hivo, na haikwambii besi ni nyingi kiasi gani wala sauti ya mtu itatokaje. Ikiandikwa 40kHz ndo kabisa, hakuna sikio la mtu linalofika huko. Cha kutazama ni ohm, yaani jinsi eafoni inavyoupinga umeme wa simu, ikiwa 16 mpaka 32 simu yoyote inaisukuma bila shida, na ile namba ya desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti inayotoa, ikiwa zaidi ya 100 ina maana hutahitaji kupandisha simu mpaka mwisho. Ukubwa wa draiva, yaani kile kispika kidogo cha ndani, milimita 10 au 12 au ngapi, hausemi chochote kuhusu ubora. Na boksi likipiga kelele EXTRA BASS, mi huwa naongeza umakini hapo.

Angalia pini. Ile ya duara ya milimita 3.5 ikiwa na vimistari vitatu vya kuzunguka ina njia ya maiki, vikiwa viwili haina maiki. Kama simu yako haina tundu (huu mtindo ulishika kasi baada ya iPhone 7 mwaka 2016) utatumia adapta ya Type-C au eafoni za Type-C zenyewe, na hapa watu wengi wanapigwa, kwasababu adapta sio za aina moja, kuna simu zinazotoa mziki tayari kwenye tundu la Type-C na kuna zinazotaka adapta yenye chipu yake ya kubadilisha sauti ndani, ukikosea simu inakaa kimya au inaendelea kupiga kwa spika. Kwahiyo usikubali kujaribiwa kwa simu ya muuzaji, chomeka kwenye YAKO.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, ambalo nikiambiwa niseme moja tu nitasema hili: usihukumu eafoni kabla sikio halijaziba. Hizi eafoni zimetengenezwa kwa hesabu kwamba mfereji wa sikio umefungwa, kukiwa na upenyo hata mdogo besi yote inatoka nje kama maji kwenye ndoo iliyotoboka, inabaki sauti nyembamba ya juu inayochoma, na mtu anasema eafoni mbaya kumbe kimpira ni kidogo. Kwenye boksi mara nyingi kuna saizi tatu, vidogo, vya kati, vikubwa, na watu wanavitupa na boksi! Usitupe. Jaribu vyote, na usishangae sikio la kulia likataka saizi tofauti na la kushoto, ni kawaida kabisa.

Namna ya kuvaa: mkono wa pili uupitishe nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo, ndo uingize eafoni huku unaizungusha taratibu, alafu achia sikio. Ukisikia ndani kitu kinafanya "krak" kama karatasi usiogope, ni ule utando wa draiva umesukumwa na hewa, kwenye eafoni za bei hii hutokea sana na mara nyingi haina madhara. Kujua kama imeziba, ongea. Sauti yako mwenyewe ikisikika nzito ndani ya kichwa kama umeziba masikio na vidole, hapo sawa. Alafu weka wimbo wenye besi na usukume eafoni zote mbili ndani kidogo kwa vidole, besi ikiongezeka ghafla ujue kabla ya hapo ilikuwa inavuja, badilisha kimpira. Ikiwa vimpira vyote vya boksini vinakataa, kuna vile vya sponji, unavifinya vinakuwa vyembamba, unaingiza, vinafura vyenyewe ndani, vinaziba vizuri mno ila vinachakaa upesi.

Na hapa suala la usafi, maana hili halisemwi. Eafoni ya kujaribia dukani imeingia masikio ya watu wengi. Nunua vimpira vyako, viweke mfukoni kwenye kimfuko, ukienda Kariakoo au popote unavua vyao unapachika vyako, unafuta eafoni kwa nje na kipamba chenye spiriti, ndo unajaribu. Muuzaji anayejua kazi yake hatakasirika.

Kabla ya kupiga wimbo zima kila kitu kwenye simu, Dolby, bass boost, ikwalaiza, vyote, la sivyo unapima simu sio eafoni. Na nyimbo ziwe zako unazozijua mpaka mhemo wa muimbaji, zilizo na ubora wa kueleweka, sio ile iliyotumwa kwenye WhatsApp ikapita simu ishirini. Sauti iwe ya chini, nusu au pungufu. Eafoni mbovu ikipandishwa inadanganya, ikishushwa inajulikana.

Mi naanza na mtu anayeongea, sio mziki. Weka mawaidha, taarifa ya habari, mtangazaji wa mpira, chochote. Sauti yake inatakiwa ikae katikati ya kichwa kabisa, katikati ya macho. Ikiegemea upande mmoja, geuza eafoni, ya kulia ipeleke kushoto. Ikihama na yenyewe upande ule mwingine, hakikisha kwanza simu haijawekewa balansi, yaani mgawanyo wa sauti kulia na kushoto, kwenye Android iko sehemu ya Ufikivu (Accessibility); kama balansi iko katikati basi eafoni ndo ina tatizo, pande mbili hazilingani, rudisha. Ikibaki upande uleule tatizo ni sikio lako au kimpira hakijaziba. Na ikiwa sauti haikai mahali popote, imetawanyika kama inatoka nje ya kichwa na besi imekufa wakati vimpira vimeziba, kuna uwezekano mkubwa waya za upande mmoja zimeungwa kinyume kiwandani, hiyo usiichukue hata kwa bure.

Hapohapo kwenye maongezi sikiliza herufi. Kiswahili kinafaa sana kwa hili kwasababu tuna s, sh, z na ch kila sekunde. Mtu akisema "sasa hivi wachezaji wanashuka uwanjani" hizo s na sh zisitoke kama mvuke wa sufuria ya presha, zisichome. Na sauti ya mwanamume isiwe kama anaongea ndani ya pipa. Eafoni ikishindwa kumtoa mtu anayeongea kwa uhalisia, haitaweza mziki, mi naamini hivo kabisa na sijaona iliyonibadilisha mawazo.

Mziki sasa. Chukua rumba ya Kongo iliyorekodiwa vizuri, ile sehemu ya sebene ambapo magitaa yanajibizana. Unatakiwa uyahesabu, hili liko kushoto, lile kulia, la tatu linapita katikati, na chini yao gitaa la besi linatembea na noti zake zinatofautiana. Kama besi ni "dum dum dum" ya aina moja tu bila noti, huo ni uvimbe wa besi. Kisha taarab, kanuni na fidla na akodiani vikipiga pamoja na mwanamke anaimba juu, hapo utajua kama vyombo vinakaa kila kimoja na nafasi yake au vimekuwa uji, na kama sauti ya mwimbaji akipanda inakukwaruza. Mwisho amapiano au bongo fleva nzito, besi ishuke chini iguse kwelikweli ila ikishatoka iondoke, isiendelee kuvuma juu ya maneno. Kama ni mtu wa kaswida tupu, zenye sauti za watu wengi bila vyombo, hizo ni kipimo kikali kuliko vyote, sauti za watu zikichanganyika huwezi kuficha kitu.

Ukilinganisha mbili, zisawazishe ukali wa sauti kwanza. Hili ni la muhimu na linapuuzwa, sikio la binadamu likisikia yenye sauti kubwa kidogo linaiona ndo nzuri, hata tofauti ndogo tu inatosha kukupoteza. Shusha inayopiga sana mpaka maongezi yawe sawa kwenye zote mbili, ndo ulinganishe.

Kama unaagiza mtandaoni na huwezi kujaribu, tafuta ile grafu ya sauti, inayoonyesha eafoni inatoa kiasi gani kila sauti kuanzia nzito (Hz chache) mpaka nyembamba (kHz nyingi), wapimaji wengi wanaziweka wazi. Mlima wa kwenye 2 mpaka 3kHz usikutishe, sikio lenyewe bila eafoni hukuza eneo hilo, ndo maana eafoni nzuri huwa na huo mlima. Kinachotisha ni mwiba mrefu kati ya 5 na 8kHz, huo ndo s zinazochoma, na besi iliyofura mpaka 300Hz, hiyo ndo pipa. Ukiwa na hela ya kuanzia tu, hizo nilizozitaja juu ni pa kuanzia pazuri, na 7Hz Zero:2 ya 2023 inawafaa wanaotaka besi zaidi kidogo.

Waya. Chomeka, piga wimbo, kunja waya taratibu pale unapoingia kwenye pini, kisha pale Y inapogawanyika, kisha karibu na kila eafoni. Ikikwaruza au ikikata hata mara moja, ni mbovu tayari. Zungusha pini kwenye tundu, upande mmoja usipotee. Simamisha mziki usugue waya kwenye shati, ukisikia "kruu kruu" kubwa masikioni itakuudhi ukitembea, ingawa ukipitisha waya juu ya sikio inapungua sana. Waya unaochomoka ni faida kubwa, waya ndo huwa wa kwanza kufa na badala ya kutupa zote unanunua waya tu, ila angalia soketi: Chu ya kwanza haichomoki, Chu II na Zero zinatumia pini mbili za milimita 0.78, KZ nyingi ni 0.75 na soketi yake imechomoza, kwahiyo usinunue waya kwa kukisia.

Maiki ipime kwa voisi noti. Jitumie mwenyewe ukiwa umesimama karibu na barabara, sikiliza kama maneno yanatoka au ni honda na upepo tu.

Ukifika nyumbani tunza risiti na uzivae saa nzima mfululizo. Sauti unaweza kuizoea baada ya siku mbili tatu, ubongo unajirekebisha, lakini maumivu hayazoeleki, sikio likiuma badilisha kimpira, likiendelea umbo la eafoni halikufai. Na ukiambiwa uziache zipige masaa mia ndo zitakuwa nzuri usikubali, utapitisha mda wa kurudisha.

Kuhusu ukali wa sauti, Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 unaweza kusikiliza masaa 40 kwa wiki, ikifika 90 yanabaki masaa 4 tu. Kwenye daladala ndo tunapoharibu masikio, injini inavuma, konda anaita, unapandisha. Kimpira kilichoziba kinazuia hizo kelele na unasikia kila kitu ukiwa chini, kwahiyo zile dakika ulizotumia kutafuta saizi zinalinda masikio pia. Ukishuka kuvuka barabara au ukipanda bodaboda, vua.

Miezi ikipita upande mmoja ukaanza kupungua sauti, usikimbilie kutupa, mara nyingi ni nta imeziba kile kichujio cha mbele. Vua kimpira, geuza eafoni itazame chini ili uchafu usiingie ndani, piga mswaki mkavu laini taratibu, vimpira osha kwa maji na sabuni, vikauke kabisa, rudisha. Maji na spiriti visiguse kichujio chenyewe.