Somo: Paja limevunjika, nyonga umeitazama?

Dereva wa bodaboda akigongana uso kwa uso na gari, goti ndilo hutangulia. Nguvu hupanda kutoka hapo, ikavunja paja katikati, na inayobaki huishia kwenye shingo ya mfupa huohuo, nyongani. Paja lililopinda kila mtu analiona. Ufa mwembamba wa shingoni hupitwa, nao ndio huacha kilema.

Hatua ya 1: Mtu kwanza. Pumzi, damu, kichwa, tumbo. Paja moja laweza kumeza lita nzima ya damu na nje usione tone.

Hatua ya 2: Picha. Omba eksirei ya paja zima, nyonga na goti zikiwemo. Shingo huonekana vizuri mguu ukigeuzwa ndani nyuzi 15 hivi, ila hapa kuna mtego: paja likishakatika, unageuza unyayo na kipande cha juu hakifuati. Ndiyo maana sitiskani (CT, picha ya kompyuta) ya vipande vyembamba inasaidia sana, ingawa nayo hupitwa na ufa. Tazama tena mgonjwa akishalala mezani, tena chuma kikishaingia, na tena kabla hajaamshwa. Mkiniona msumbufu, sawa.

Hatua ya 3: Kufunga. Shingo kwanza. Mimi hupenda vyuma viwili: skrubu au bamba shingoni, kisha msumari wa paja, yaani fimbo ya chuma ndani ya mfupa, kutokea gotini. Msumari mmoja mrefu wa kutokea juu, wenye skrubu za shingoni, unatumika pia, lakini kuupitisha kunaweza kusogeza shingo iliyokuwa imetulia.

MASWALI

Daktari, kama nyonga imechomoka badala ya kuvunjika?
Irudishwe mapema, ikiwezekana ndani ya saa 6, kwa dawa ya usingizi. Kuvuta mguu hakusaidii, kwani paja limekatika. Tunapiga pini nene kwenye kipande cha juu tukaifanya mpini. Ikigoma, tunafungua.

Shikamoo daktari. Kaka yangu kafungwa vyuma, atakanyaga lini?
Marahaba. Shingo ndiyo inayoamua. Wengi hutumia magongo wiki 6 hadi 12, wakigusisha mguu tu, mpaka picha iridhishe. Goti likunjwe kila siku. Kinena kikimuuma hata baada ya mwaka, arudi: kichwa cha mfupa kinaweza kufa kwa kukosa damu.

Mguu kuvutwa kwa mawe (uzito unaoning'inizwa) wodini hakutoshi?
Kunamtuliza maumivu akisubiri upasuaji. Shingo ya mtu mzima usiitegemeze jiwe.