Mambo ya Kuzingatia Kabla Kreni Haijainua Mzigo Bandarini Kigoma

Mfuko wa saruji una kilo 50, kwa hiyo mifuko 40 iliyopangwa juu ya paleti moja ni tani 2, bila kuhesabu paleti yenyewe, slingi (waya au mikanda ya kufungia mzigo) na kulabu. Hesabu hii kuli yeyote wa Kigoma huifanya kichwani, kwa kuwa saruji iendayo Bujumbura na Kalemie, Kongo, hupita mikononi mwake. Taabu huanza pale mzigo unapokuwa jenereta, mashine ya kusaga kokoto au kontena ambalo uzito wake umeandikwa na mtu asiyelipima. Kontena tupu la futi 20 lina zaidi ya tani 2, na likijazwa laweza kufika tani 30. Baina ya namba hizo mbili hakuna nafasi ya kukisia. Tangu tarehe 1 Julai 2016 kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinadai uzito wa kontena uthibitishwe kabla halijapakiwa melini, lakini kontena hilo likifunguliwa na kupangwa upya Dar es Salaam kabla ya kupandishwa treni, namba ile haina kazi tena. Jambo la kwanza, basi, ni kuujua uzito, na usipojulikana mzigo upimwe kwanza, hata kama lori la mtu mwingine linapiga honi nyuma.

Uzito ukishajulikana, swali linalofuata ni umbali. Kreni inayoitwa ya tani 25 huinua tani hizo ikiwa tu mzigo uko karibu sana na kitovu chake cha kuzungukia, aghalabu mita 3 hivi. Mkono ukinyooshwa hadi mzigo uwe mita 20 kutoka hapo, kreni ileile huenda isimudu hata tani 2 kwa usalama. Ndiyo maana kila kreni huja na jedwali la uwezo, na jedwali hilo linapaswa kuwa ndani ya kibanda cha opereta, likisomeka, tena katika lugha anayoielewa. Umbali upimwe kwa futi kamba mahali mzigo ulipo na pale utakaposhushwa, kwa maana mzigo ulioinuliwa salama kutoka kwenye behewa unaweza kuiangusha kreni unapopelekwa kwenye boti iliyo mbali na ukingo wa gati.

Kinachopuuzwa kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni pembe ya slingi. Watu huona slingi mbili, kila moja ya tani moja na nusu, wakajumlisha tani tatu, wakaridhika. Hesabu haiendi hivyo. Paleti ile ya tani 2 ikishikwa na miguu miwili ya slingi iliyosimama wima, kila mguu hubeba tani 1. Miguu ikilala hadi nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi, kila mmoja hubeba takriban tani 1.15, kwenye nyuzi 45 ni tani 1.4, na kwenye nyuzi 30 kila mguu hubeba tani 2 kamili, yaani slingi zile mbili zimeshazidiwa wakati mzigo haujaongezeka hata kilo moja. Hakuna haja ya kifaa cha kupimia pembe. Ikiwa umbali kati ya sehemu mbili za kufungia unalingana na urefu wa mguu mmoja wa slingi, pembe ni nyuzi 60, na umbali huo ukizidi urefu wa mguu, zitafutwe slingi ndefu zaidi.

Slingi zenyewe zikaguliwe kila asubuhi kwa macho na kwa mkono wenye glavu, zikiwa zimetandazwa chini na si zikining'inia. Waya uliokatika nyuzi, uliojikunja kama fundo, uliovimba katikati au ulioliwa na kutu uondolewe kazini, na ni bora ukatwe vipande siku hiyohiyo, kwa sababu waya mbovu uliowekwa kando "kwa kazi ndogondogo" hurudi kwenye kulabu kabla ya wiki kuisha. Mkanda wa kitambaa wenye chale, au usio na kibandiko kinachoonyesha uwezo wake, usitumike. Kulabu iwe na kizuizi chake cha mdomo. Mkataba Na. 152 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unaohusu kazi za bandarini, unataka vifaa vya kunyanyulia vichunguzwe kikamilifu na mtu mwenye ujuzi angalau mara moja kila miezi 12, na hapa kwetu Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inasimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Cheti cha ukaguzi kiombwe kabla ya mkataba wa kukodi kreni kusainiwa.

Kisha ardhi. Mvua za Kigoma hunyesha tangu Oktoba au Novemba hadi mwezi wa Mei, na maji ya Ziwa Tanganyika yalivyopanda miaka ya karibuni, udongo wa kandokando unaweza kuonekana mkavu juu na kuwa tope chini. Mkono wa kreni unapogeukia mguu mmoja kati ya miguu inayoitegemeza kreni ardhini, mguu huo hubeba zaidi ya nusu ya uzito wote. Tukichukua tani 18 zikikaa juu ya bamba la mraba la chini ya mguu lenye upande wa sentimita 40, ardhi inasukumwa kwa zaidi ya tani 110 kwa kila mita ya mraba. Tani hizohizo juu ya mbao nene zilizopangwa vizuri kufikia mita moja ya mraba ni tani 18 tu. Mbao za kutandika zisiachwe ghalani kwa kisingizio cha haraka, na kreni isisimame juu ya mtaro uliofukiwa wala kifuniko cha chemba.

Nyaya za umeme zitazamwe kabla mkono haujainuliwa. Kanuni za Marekani zinataka angalau mita 3 hivi kutoka kwenye nyaya zisizozidi kilovolti 50, na laini zetu za kilovolti 33 zimo humo. Nafasi hiyo isipopatikana, TANESCO waombwe kuzima laini. Opereta afahamu mapema kwamba kreni ikigusa waya anabaki kibandani hadi umeme ukatwe.

Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini hulichafua ziwa, na boti inayopanda na kushuka huukamata mzigo ghafla au huuacha ukidondoka. Kikomo cha upepo kimeandikwa na mtengenezaji wa kreni na kifuatwe hichohicho.

Mtoa ishara awe mmoja, ajulikane kwa fulana yake, na vibarua waliochukuliwa asubuhi ileile waonyeshwe ishara kabla ya kazi, hasa ile ya kusimamisha, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitoa na opereta lazima aitii. Mzigo uongozwe kwa kamba na si kwa mikono. Baada ya hayo mzigo uinuliwe sentimita 20 tu, uachwe hapo kwa muda huku breki, miguu na slingi vikitazamwa. Ukiinama upande, ushushwe na ufungwe upya.