Kuvuna Maparachichi ya Hass kwa Kazi ya Msimu: Mwongozo kwa Mvunaji Mpya

Msimu wa Hass, aina ya parachichi inayouzwa nje, unapofunguka Njombe na Rungwe, kusini mwa Tanzania, mashamba huhitaji mikono mingi kwa muda mfupi, na wengi wanaochukuliwa hawajawahi kushika mkasi wa kuvunia. Mimi huongoza kikundi cha wavunaji, na jambo la kwanza ninalomweleza kila anayejiunga nasi ni kwamba tunda lililoumizwa shambani halionyeshi jeraha lake siku hiyo. Kasoro hujitokeza wiki kadhaa baadaye, kontena linapofunguliwa Ulaya. Mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilipoanza kukwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka kusini mwa Afrika, safari ilirefuka zaidi, na tunda lililovunwa ovyo likakosa kabisa nafasi ya kufika likiwa zima.

Hatua ya 1: Patana kabla ya kuanza

Uliza kama utalipwa kwa siku au kwa kipande, yaani kwa kila kreti, na uliza ni nani atakayebeba hasara ya matunda yatakayokataliwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki, na inampa mfanyakazi mapumziko ya saa moja anapofanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Kibarua wa msimu naye ana haki hiyo. Binafsi napendelea malipo ya siku, kwa sababu kipande humsukuma mtu kukimbia, na mbio ndizo zinazoangusha matunda. Uliza pia shamba lilipuliziwa dawa lini, na usiingie kuvuna kabla siku za kungoja zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa hiyo hazijaisha.

Hatua ya 2: Andaa mikono na vifaa

Kata kucha, vua pete na saa, nawa mikono kwa sabuni. Mkasi uwe mkali na wenye ncha butu, na uchovye kwenye maji ya klorini kila unapohama kutoka mti mmoja kwenda mwingine, kwa kuwa upo ugonjwa wa parachichi usio na tiba ambao huhamia mti wenye afya kupitia vifaa vya kukatia. Kreti ziwe safi na zisiwe na kingo zilizovunjika.

Hatua ya 3: Subiri umande ukauke

Asubuhi za Juni na Julai huku kwetu ni za ukungu, na msimamizi mwenye lori linalomsubiri atatamani muanze mapema. Msikubali. Ngozi ya parachichi lililolowa huwa imejaa maji, na ikiguswa au kusuguana na nyingine, vile vidoti vidogo vinavyoonekana juu yake hupasuka na kugeuka madoa meusi baada ya siku moja au mbili. Pangusa tunda kwa kiganja. Kiganja kikitoka kikavu, anzeni.

Hatua ya 4: Hakikisha tunda limekomaa

Parachichi haliivi likiwa mtini. Hukomaa tu, kisha huiva baada ya kuchumwa. Kwa hiyo usitafute ulaini wala rangi nyeusi. Angalia ngozi iliyopoteza mng'ao, kisha pasua matunda machache ya ukubwa tofauti kama sampuli: ganda linalofunika kokwa likiwa la kahawia na jembamba kama karatasi, tunda limekomaa, lakini likiwa jeupe na nene, liache mtini. Kipimo cha uhakika ni cha kukausha nyama ya tunda na kupima uzito unaobaki, ambapo wanunuzi wengi wa Ulaya hutaka angalau asilimia 23 kwa Hass. Tunda changa likisafirishwa hunywea na kuwa kama mpira, halilainiki vizuri hata kidogo, na hulichafulia jina eneo zima.

Hatua ya 5: Kata mara mbili

Hapa ndipo penye ufundi. Shika tunda kwa kiganja kizima, bila kulibana kwa ncha za vidole, na ukate kikonyo mbali kidogo ili lianguke mkononi mwako bila kuvutwa. Kisha ligeuze, weka mkasi sambamba na bega la tunda, na ukate tena ubaki mguu mfupi wa milimita chache. Kikonyo kikinyofoka, hubaki tundu ambalo kuvu huingilia na kuozesha tunda kuanzia juu, na kikibaki kirefu, hutoboa tunda la jirani ndani ya kreti. Kwa matawi ya juu tumia ufito mrefu wenye kisu na mfuko, na mfuko usijazwe. Usipande matawi yenyewe, kwani mti wa parachichi hukatika ghafla bila kupinda. Tumia ngazi iliyosimikwa imara na mwenzako aishike.

Hatua ya 6: Jaza na ulinde kreti

Laza tunda, usilitupe. Acha nafasi chini ya ukingo ili kreti ya juu isikandamize matunda, na uweke kreti kivulini mara moja. Lililoanguka chini, hata likiwa zuri kiasi gani, lina chombo chake na halichanganywi kamwe. Kreti zifike kwenye kiwanda cha kufungasha siku hiyohiyo, kwa sababu joto la shambani huanzisha uivaji ambao chumba cha baridi hakiwezi kuurudisha nyuma.

Hatua ya 7: Hesabu kabla lori halijaondoka

Hesabuni kreti pamoja na msimamizi, muandike idadi, tarehe na kitalu cha shamba, na wote wawili mtie sahihi. Baki na nakala yako, kwa kuwa malipo yakicheleweshwa au yakipunguzwa, karatasi hiyo ndiyo utakayoiweka mezani.