Vile utaonyesha katuni ya Sita Sings the Blues mtaani kwenu

Watu wa Mombasa tumekua na filamu za Kihindi, kwa hivyo hii itaingia vizuri sana ukiipanga sawa. Inaitwa Sita Sings the Blues, ya Nina Paley wa Marekani, ilitoka 2008, dakika 82, katuni na nyimbo mwanzo mwisho. Ni Ramayana, kile kisa cha kale cha Wahindi cha Rama na mkewe Sita, lakini imeegemea upande wa Sita, na kwangu hapo ndo utamu wote ulipo.

Kuipata ni rahisi, usinunue ya fleshi kwa mtu. Mwenyewe ameiachia dunia bure, tangu 2013 iko CC0, yaani ameachia haki zake zote mtu yeyote aitumie, unaishusha Internet Archive, ile maktaba ya bure ya mtandaoni, tafuta wifi maana bando litaisha kabla haijafika nusu.

Sasa kazi yenyewe: filamu yote ni Kiingereza, na wasimulizi ni vivuli vitatu vya vikaragosi vinavyobishana na kukatizana kama wazee barazani, asiyejua kisa atapotea mapema sana. Kwa hivyo kabla hujawasha simama uwape watu kisa kwa ufupi, Rama wa Ayodhya kafukuzwa miaka 14 kwa ajili ya mama wa kambo, mkewe Sita kamfuata msituni, Ravana mwenye vichwa kumi kamuiba kampeleka Lanka, Hanuman na jeshi la nyani wakasaidia kumrudisha, halafu Rama huyohuyo anamtilia shaka mkewe mpaka apite motoni! Waambie pia kuna kisa cha pili humo ndani, cha Nina mwenyewe aliyeachwa na mumewe kwa imeili, ndo wasishangae picha zikibadilika ghafla.

Nyimbo usizitafsiri. Ni sauti ya Annette Hanshaw, mwimbaji wa zamani wa jazi wa Marekani, rekodi za miaka ya 1920, Sita anacheza macho makubwa kiuno kinazunguka na huzuni unaisikia hata kama huelewi neno. Ukiongea juu yake umeharibu. Tafsiri vivuli vikiongea, kwa sauti ya chini, kama wale madijei wa filamu ila bila makelele.

Anza baada ya Isha, kabla ya hapo ukuta hauonyeshi kitu. Spika ndo uangalie kuliko projekta, feni na pikipiki zitameza sauti. Katikati kuna mapumziko yamechorwa humohumo kwenye filamu, hapo ndo pa viazi karai na juisi ya ukwaju.

Kama mna majirani Wahindu wafuate mapema uwaeleze ilivyo, kwao Rama na Sita ni ibada, na wako Wahindu waliochukizwa na hii filamu ilipotoka. Wakikubali mwombe mmoja awape watu kisa badala yako, atakushinda mbali.

Na ukitaka kuifanya kubwa ya hadhara ulizia kibali kwa bodi ya filamu kwanza. Watoto wadogo pia, vita vina damu ya katuni inayoruka, mzazi aitazame mwenyewe kwanza ndo aamue.